Ufunguo Uko kwa Jirani

Mama hakuniagiza koti wala simu. Nilimpigia nikiwa uwanja wa ndege Dar es Salaam. Akaitikia shikamoo yangu, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ukifika kwa dada yako, mnitafutie alikozaliwa Edel Quinn. Msimame hapo, mniombee tendo moja la rozari. Mengine mtayaona wenyewe."

Kwa wasiomjua, Edel Quinn ni binti wa Kiayalandi aliyeshuka melini Mombasa Novemba 1936, kifua kikuu kikiwa kimeshamla mapafu, akazunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland (Malawi ya leo) hadi Mauritius akianzisha vikundi vya Legio ya Maria, chama cha kitume cha walei Wakatoliki. Alifia Nairobi tarehe 12 Mei 1944 akiwa na miaka 36, na akazikwa hukohuko. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alitambua kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa. Mama yetu, mwanalegio wa Mgeta kule milimani Uluguru, humsimulia kama mtu anavyomsimulia shangazi yake aliyeolewa mbali.

Dada yangu ni muuguzi, na ameishi Mullingar, katikati ya Ayalandi, kwa miaka sita. Nilipomfikishia agizo la mama alicheka. "Mdogo wangu, nchi hii mimi naijua wodi, kanisa na supamaketi. Kwingine ni ng'ombe tu." Alikuwa amepata likizo ya siku tisa na ameshaandaa orodha ya vivutio kumi, ile ile aliyonayo kila mtu anayekwenda Ayalandi. Tulianza na miamba ya Moher, pwani ya magharibi. Siidharau. Ukuta wa mwamba unaopita mita 200 kwenda juu, bahari inaupiga miguuni, si jambo la kila siku. Lakini mabasi yalikuwa mengi mno, na nilipofungua simu jioni nikakuta nimepiga picha za migongo ya watu. Nikamwomba dada tuiache ile orodha. Akakubali kwa sharti moja, kwamba mimi ndiye nitakayekuwa nashuka garini kuuliza njia. Yeye, alisema, ameshachoka kuulizwa anatoka wapi.

Nafundisha jiografia, na maradhi ya walimu wa jiografia ni kusoma kila kibao. Vibao vya barabarani Ayalandi huandikwa kwa lugha mbili, Kiayalandi juu kwa herufi za kulala, Kiingereza chini kwa herufi kubwa. Baada ya kilomita chache nikaona majina yana vianzio vinavyojirudia: Kil, Bally, Knock, Rath, Dun, Lough. Mama mmoja aliyetupangisha chumba usiku ule alinifungulia darasa asubuhi mezani, huku akinisogezea soseji nyeusi ya damu niliyoikwepa kwa adabu zote nilizolelewa nazo. Kil mara nyingi ni kanisa, ingawa pengine ni msitu. Bally ni makazi ya watu. Knock ni kilima, rath ni boma la udongo la kale, dun ni ngome, lough ni ziwa. Mullingar yenyewe ni kinu kinachozunguka kinyume. Miaka sita dada amekuwa akiliandika jina hilo kwenye fomu bila kujua kwamba anaishi kinuni.

Tangu hapo ramani ikaanza kusema. Nasema ramani ya karatasi, maana ya simu ilitupeleka mara mbili kwenye zizi la mtu. Jina likianza na Kil katikati ya malisho matupu, kuna uwezekano mkubwa pana ukuta wa kanisa umelala kwenye nyasi. Likianza na Rath, tafuta duara la miti lisilolimwa. Maboma hayo yako maelfu kwa maelfu nchi nzima, na wakulima wengi hawayagusi, wala hawakati ule mti wa miiba unaosimama peke yake shambani, kwa sababu una wenyewe wasioonekana. Usidhani ni habari za mababu tu. Mwaka 1999, huko Clare, mti mmoja wa namna hiyo ulitetewa hadi mpango wa barabara kuu ukarekebishwa ili uachwe umesimama. Nilipomsimulia dada, alisema kwa ile sauti ya kwetu ya kutostaajabu: "Si mizimu hiyo? Sasa wangekata vipi?"

Fore iko mwendo wa kama nusu saa tu kutoka nyumbani kwa dada, na hakuwahi kufika. Ni bonde la majani, baa, nyumba chache, na katikati ya malisho magofu ya monasteri ya Wabenediktini. "Kumbe kama Peramiho," dada akasema, halafu akajirudi: Peramiho, monasteri ya Wabenediktini kwetu Tanzania, ina watu. Kabla ya Wabenediktini hao waliotoka Ufaransa, palikuwa na watawa wa Mtakatifu Féichín tangu karne ya 7, na ni yeye anayebebeshwa maajabu saba ya mahali pale. Wenyeji huyahesabu kwa vidole: monasteri iliyojengwa juu ya kinamasi, kinu kisicho na mfereji, maji yanayopanda mlima, maji yasiyochemka, mti usioungua, jiwe lililoinuliwa kwa sala, na mtawa ndani ya mawe.

Ukienda na macho ya kitalii, maajabu haya yatakuangusha. Maji yanayopanda mlima ni kijito kinachotoka ziwa lililo ng'ambo ya kilima, kinapita chini ya mawe ya chokaa na kuibukia upande huu, ndiyo maana jicho linadanganyika. Ningeweza kuwachorea kidato cha tatu ubaoni kwa dakika mbili. Jiwe lililoinuliwa kwa sala ni lile lililolala juu ya mlango wa kanisa la Féichín, pande moja nene lenye msalaba ndani ya duara, na hapo kidogo nilisita, kwa kuwa sikuona ningelipandishaje mimi. Lakini kilichonishika ni mti. Matawini umefungwa vitambaa, vipande vya kanga ningesema kama ningekuwa nyumbani, soksi ya mtoto, kamba ya kiatu, rozari. Kila kitambaa ni ombi la mtu. Dada alisimama mbele ya ile soksi muda mrefu. Yeye ni muuguzi wa wodi ya watoto. Hakusema kitu, na mimi sikumuuliza.

Basi tukapanda hadi kwa mtawa ndani ya mawe. Ni chumba kidogo ubavuni mwa kilima, ambamo wakaapweke walijifungia maisha yao yote. Wa mwisho aliishi karne ya 17. Mlango ulikuwa na kufuli. Dada alikuwa ameshageuka kurudi garini. Nikashuka hadi baa.

Ndani walikuwa wazee wawili na mhudumu. Sikuuliza ufunguo. Niliwasalimu, nikauliza habari za mvua, wakanijibu habari za mvua ya wiki nzima. Wakauliza natoka wapi. Mmoja akataka kujua kama Kilimanjaro bado ina theluji, mwingine akanieleza habari za binamu yake padre aliyefanya kazi Afrika Mashariki, na nilikuja kugundua baadaye kwamba ukikaa na Mwayalandi wa umri ule kwa dakika kumi, lazima atokee binamu padre au shangazi mtawa. Robo saa ikapita. Ndipo mhudumu akasema, kana kwamba jambo lenyewe limemjia hivi hivi: "Mnataka kuingia kule juu?" Akanipa ufunguo. Hakuandika jina langu, hakuomba kitambulisho.

Dada alipouona mkononi mwangu alitikisa kichwa. "Mimi ningeingia, ningesema samahani, ufunguo uko wapi." Nikamwambia huko ndiko kuzoea wodi. Alininyamazia hadi Loughcrew.

Ya Loughcrew nitayapita haraka, kwa kuwa ukungu ulitunyima. Ni vilima vyenye makaburi ya mawe ya zaidi ya miaka 5,000, yaani yalishakuwa ya kale mafarao walipojenga piramidi za Giza. Katika moja wapo, siku ambazo usiku na mchana hulingana, Machi na Septemba, jua linapochomoza huingia moja kwa moja na kulimulika jiwe la nyuma lililochorwa maua na miale. Wenyeji wanasema kikongwe mmoja mchawi alikuwa akiruka kilima hadi kilima na mawe kwenye aproni, yakamdondoka, ndiyo hayo. Sisi tuliona mita ishirini mbele na kondoo. Kilima chenyewe hakifiki mita 300, na wao wanakiita mlima. Mluguru anabaki kukohoa tu.

Ila kosa la kwanza nililifanya siku hiyo hiyo. Tulipita karibu na boma moja la duara, rath ya kweli, nikamwomba mkulima ruhusa, akatupa. Ruhusa ni muhimu: Ayalandi hakuna haki ya kukatiza mashamba ya watu eti kwa sababu kuna kitu cha kale ndani. Nikaingia, nikazunguka, nikapiga picha, nikatoka nikiwa nimejaa furaha kama mpumbavu, na geti nikaliacha wazi. Kondoo saba wakanifuata hadi barabarani. Dada alitoka garini na viatu vyake vyeupe, akatanua mikono kama tulivyokuwa tukizuia mbuzi wa babu, na tukawarudisha, mkulima naye akija mbio na mbwa. Hakutukana. Alifunga geti, akalitikisa mara mbili tulione limefungwa, akaondoka. Afadhali angetukana.

Siku ya tatu tulielekea Longford. Nilikuwa nimeona kwenye ramani, mahali paitwapo Corlea, maneno machache tu, barabara ya kale, na dada akasema barabara za kale tunazo kwetu, tena tunazipita kila siku na basi. Corlea si barabara ya namna hiyo.

Lazima kwanza uelewe ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya katikati ya Ayalandi imefunikwa na mboji nyeusi iliyolowa maji, mimea iliyojilundika kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa. Watu huikata vipande kama matofali, huianika, na kuichoma kama kuni. Harufu ya moshi wake ukiwa umeinusa mara moja utaitambua popote. Kwa miongo mingi mashine ziliivuna kwa ajili ya mitambo ya umeme, tambarare nyeusi hadi upeo wa macho, hakuna hata jani. Mwaka 1984, katika uvunaji huo, zikaonekana mbao. Wataalamu wa mambo ya kale walipochimba wakakuta barabara: mbao nene za mwaloni zimelazwa ubavu kwa ubavu juu ya magogo marefu, pana kiasi cha kupitisha gari la kukokotwa. Kwa kuhesabu pete za miti hiyo waliweza kuutaja mwaka ilipokatwa, si karne bali mwaka: 148 kabla ya Kristo.

Kinachoonyeshwa leo ni kipande cha mita 18, ndani ya ukumbi ambao hewa yake huwekwa na unyevunyevu ili mbao zisipasuke. Hatukutozwa kiingilio. Tulikuwa sisi wawili, babu mmoja na mjukuu wake, na kijana mwongozaji. Nikasimama. Alama za mashoka zinaonekana. Mtu alipiga shoka hapa, akapumzika, akapiga tena, na kishimo chake kiko pale kana kwamba ameenda kunywa maji. Mboji haina hewa na ina uchachu, kwa hiyo vijidudu vya kuozesha haviishi ndani yake. Mwalimu ndani yangu alijua hivyo. Lakini kujua na kuona ni mambo mawili.

Kisha yule kijana akatuambia kilichonichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja. Baada ya kazi yote ile, mialoni mingapi sijui, watu wangapi sijui, barabara ilikuwa nzito mno kwa ardhi ile. Ilizama. Haikuchukua miaka mingi, mboji ikaimeza, na ndiyo maana tunayo. Hakuna dalili za magurudumu kuitumia sana. Dada akauliza swali ambalo kila Mtanzania angeuliza: "Mkandarasi alilipwa?" Kijana yule alicheka hadi mjukuu wa babu akaanza kucheka naye bila kujua kinachochekwa. Tukatoka tukiwa tumeshakuwa rafiki, na ni yeye aliyetuambia, tukiwa tunaelekea mlangoni, kwamba kama tunakwenda magharibi tusiende moja kwa moja kwenye fukwe. Tupite njia ya Doolough.

Hii nayo nimeijifunza: mahali pa pili huonyeshwa na mtu wa mahali pa kwanza. Hakuna aliyetupangia. Kila mlinzi wa kitu kidogo anamjua mlinzi wa kitu kidogo kingine.

Doolough maana yake ziwa jeusi. Ni bonde katika jimbo la Mayo, barabara moja nyembamba kati ya milima mikavu, maji upande mmoja. Kabla ya kufika nilikuwa nimeanza kuona mistari kwenye miteremko, iliyonyooka, iliyopangana, imefunikwa majani. Nikamwambia dada asimamishe gari. "Hayo ni matuta," nikasema. Akatazama. "Ya nini huko juu?"

Ya viazi mviringo. Njaa kuu ilianza mwaka 1845, ugonjwa wa ukungu ulipoharibu viazi ambavyo maskini wa nchi hii walikuwa wakivitegemea karibu kwa kila mlo, na hadi inaisha mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa na wengine zaidi ya milioni wamehama. Kisiwa kizima kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8 mwaka 1841. Hadi leo hakijaifikia tena idadi hiyo. Ardhi nzuri ilikuwa ya mabwana. Maskini walipandisha matuta hadi kwenye miamba. Walipokufa au kuondoka hakuna aliyerudi kuyalima, na hakuna aliyeyasawazisha. Yako vilevile. Ugonjwa wenyewe ni ule ule ambao Mgeta leo tunaupulizia dawa, na ukichelewa wiki moja ya mvua umekula hasara.

Babu yetu alikuwa miongoni mwa Waluguru waliogoma mwaka 1955 serikali ya kikoloni ilipowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani. Habari hiyo tumekua nayo nyumbani, ni habari ya ushindi, inasimuliwa kwa vicheko. Sikutegemea kukutana na matuta mengine, ya watu ambao hawakupata nafasi ya kugoma.

Kando ya barabara pana msalaba wa jiwe usio na mbwembwe. Mwishoni mwa Machi 1849 mamia ya watu wenye njaa waliambiwa wakajiandikishe Louisburgh wapate msaada. Walipofika, wakaambiwa maofisa watawakagua kesho yake asubuhi Delphi, mwendo wa zaidi ya kilomita 15 kupita bonde hili, kwa miguu, katika baridi na mvua. Wakaenda. Wakanyimwa. Wengi walifia njiani wakirudi, na idadi yao inabishaniwa hadi leo. Jiwe la kumbukumbu linawataja maskini wenye njaa waliopita hapa mwaka 1849 na wanaopita hivi leo katika Dunia ya Tatu. Na pana jina la Desmond Tutu: mwaka 1991 askofu huyo aliitembea njia hii pamoja na Waayalandi wanaoitembea kila mwaka kwa kumbukumbu.

Sikuwa nimejiandaa kulikuta jina la Tutu kwenye bonde lile. Hapakuwa na kituo cha wageni wala duka la fulana. Magari matatu yalipita tukiwa pale, na kila dereva aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kutusalimu, kama wanavyofanya huko wote vijijini. Dada naye, siku ya nne hiyo, alikuwa ameshaanza kuinua kidole.

Tulishuka kusini kwa siku mbili. Banna, ufukwe wa Kerry, tulisimama dakika kumi tu chini ya mvua ya ubavuni, kwa ajili ya Mkongomani mmoja kutoka Uvira anayefanya kazi na dada. Alitaka picha ya mnara wa Roger Casement. Huyu ndiye balozi mdogo wa Uingereza ambaye ripoti yake ya mwaka 1904 ilianika mikono iliyokatwa na vijiji vilivyoteketezwa kwa ajili ya mpira katika Kongo ya Mfalme Leopold. Miaka kumi na mbili baadaye, Aprili 1916, alishushwa na nyambizi ya Wajerumani ufukweni hapo kupigania uhuru wa Ayalandi, akakamatwa siku hiyo hiyo, na Agosti akanyongwa London. Picha ilitoka na tone la mvua katikati. Mkongomani aliiweka kwenye simu yake hivyohivyo.

Kanturk ni mji mdogo wa soko, kaskazini mwa Cork. Jina lake ni kichwa cha nguruwe dume. Tulifika saa nane mchana, na kwa kuwa hatukujua pa kuanzia tukaanza na kisichohitaji kuulizwa, yaani ngome iliyo nje kidogo ya mji, kubwa kama shule ya bweni, minara minne pembeni, na haina paa. Haikuwahi kuwa nalo. Bwana wa Kiayalandi wa ukoo wa MacDonagh MacCarthy aliianza mwanzoni mwa karne ya 17, na inasimuliwa kwamba wakubwa wa Uingereza walisema ni kubwa mno kwa mtu wa kutawaliwa, wakaamuru isimame. Vigae vya bluu vya paa vilikuwa vimeshafika. Kwa hasira akavivunjavunja vyote akavitupa kijitoni. Tuliingia bila kumwona mtu, kupitia mlangoni unatazama juu ghorofa nne hadi mawinguni, mahali pa moto pamening'inia ukutani bila sakafu. Hiyo ndiyo ngome niliyoipenda kuliko zote, na sitaki kusema mengi, nendeni.

Kisha agizo. Edel Quinn alizaliwa pembezoni mwa mji huu Septemba 1907. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa benki, na familia ilihamahama, hivyo mji wenyewe haumshikilii sana. Niliuliza dukani, kijana akanitazama tu. Nikauliza kituo cha mafuta, wakanielekeza kwa Quinn mwingine, fundi magari. Ujuzi wangu wote wa kuuliza mvua ukagonga mwamba. Dada akasema, "Sasa niachie mimi." Akashuka, akaenda kanisani, na akamkuta mama mmoja wa makamo ya mama yetu ameshika kufuli, anafunga.

Sikusikia walichozungumza. Niliona dada akitoa kwenye pochi kile kikaratasi cha sala za Legio ambacho mama alimpa alipoondoka nyumbani, kimeandikwa Kiswahili, kimechakaa kwenye mikunjo. Sikujua kwamba anacho. Yule mama alikishika, akakigeuza, akaitambua picha. Akafungua kanisa tena. Tulikaa kidogo ndani, kisha akaingia kwenye gari lake dogo akatuashiria tumfuate, nje ya mji, hadi kwenye njia yenye nyasi katikati na ua wa miiba iliyojaa matunda meusi. Akasimama, akanyoosha mkono: ni upande huu.

Hapakuwa na mengi ya kuona. Shamba, miti, wingu. Tukasema tendo moja la rozari, yeye Kiingereza, sisi Kiswahili. Tulimaliza wa kwanza, tukamsubiri. Akatukumbatia, akasema ana keki kwenye oveni, akaondoka.

Tulimpigia mama tukiwa njiani kurudi. Dada aliweka simu kwenye spika, tukapokezana kumsimulia: msalaba wa Doolough, vitambaa vya Fore, kondoo saba, na ua wa miiba. Mama alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Na huyo mama aliyewafungulia, anaitwa nani?"

Nilimtazama dada. Dada alitazama barabara.

"Mtu amefungua kanisa kwa ajili yenu, akawaongoza hadi pale, na hamkumuuliza jina? Kesho nina mkutano wa Legio. Nitamtajaje?"

Tulikuwa tumeshakaribia Mallow. Dada akawasha indiketa, akatafuta mahali pa kugeuzia.